Uvimbe Laini Mgongoni mwa Mtoto

Mtoto anapozaliwa kila mtu humtazama usoni. Bibi husema amefanana na babu yake, shangazi husema pua hiyo ni ya kwao. Kisha vidole huhesabiwa, mtoto hufunikwa kanga, na mambo yamekwisha. Ni wachache wanaomgeuza kifudifudi na kumtazama mgongo. Na huko mgongoni, chini karibu na matako, huenda pana alama ndogo yenye habari kubwa. Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya alama hiyo.

Mara nyingine ni uvimbe laini kama donge la mafuta, nao umefunikwa na ngozi nzima. Hauumi, hautoi damu, na mtoto ananyonya vizuri. Basi mmoja husema, “Ni mafuta tu, akikua yatapotea.” Mwingine husema, “Tumpeleke akatwe, ni kazi ya dakika kumi.” Wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili laweza kumnyima mtoto nguvu za miguu yake. Maana uvimbe wa namna hiyo, ukiwa katikati ya mgongo kwa chini, mara nyingi si wa ngozi tu. Mzizi wake umepita katika ufa wa mifupa, ukaingia ndani mpaka kwenye mishipa ya fahamu.

NDUGU WAWILI

Wengi wenu mmekwisha kusikia juu ya ugonjwa wa mgongo wazi. Madaktari huuita spina bifida, ndiyo maneno ya Kilatini yenye maana ya mgongo uliogawanyika. Jina hilo lilitumiwa na daktari Mholanzi Nicolaes Tulp katika karne ya 17. Mtoto huzaliwa na kidonda au mfuko wa maji mgongoni, na mishipa ya fahamu iko wazi bila ngozi. Mtoto huyo hafichiki, na kila mtu ajua kwamba apelekwe hospitali upesi. Wengi wao hupata pia maji kichwani, hata kichwa kikawa kikubwa.

Lakini ugonjwa huo una ndugu yake, nao ndio mgongo wazi uliofunikwa. Hapa mifupa ya mgongo haikufunga sawasawa, wala ugwe wa fahamu haukukaa mahali pake, lakini ngozi imefunga juu ya yote. Mtoto huyu kwa kawaida hana maji kichwani, na akili yake ni kama ya watoto wengine. Kwa sababu hiyo wazazi hutulia. Huyu ndugu wa pili ni mpole mlangoni, lakini ndani ya nyumba anaharibu vyombo polepole.

UGONJWA HUU HUANZAJE?

Yafaa tuelewe kwanza jinsi mgongo unavyofanyika. Katika wiki ya tatu ya mimba, mahali pa mgongo wa mtoto pana kitu kama jani bapa. Jani hilo hujikunja, kingo zake mbili zikakutana juu na kushikamana, likawa kama bomba. Bomba hilo ndilo litakalokuwa ubongo na ugwe wa fahamu, yaani ile kamba laini ipitayo ndani ya mifupa ya mgongo na kupeleka amri za ubongo miguuni, kwenye kibofu na mahali pengine. Kazi hii humalizika yapata siku ya 28. Siku hiyo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba.

Kingo zikikosa kukutana, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Lakini pengine huwa namna nyingine. Ngozi hutakiwa kuachana na bomba lile baada ya bomba kufunga. Wataalamu hueleza kwamba ngozi ikiachana nalo mapema mno, kabla kingo hazijashikana, chembe za nyama za jirani hupenya ndani, nazo hugeuka kuwa mafuta. Mafuta hayo hushikamana na ugwe, nayo ngozi hujifunga juu yake. Ndivyo unavyopatikana ule uvimbe wa mafuta wa mgongoni.

Mafuta yenyewe ni mafuta ya kawaida, kama yale yaliyo tumboni au mapajani. Si kansa. Mtoto akinenepa nayo hunenepa. Ubaya wake ni mahali yalipokaa.

AINA ZAKE

Uvimbe huu si wa namna moja, na kila aina ina mambo yake. Mzazi anayejua tofauti zake ataelewa vizuri atakayoambiwa na daktari.

Aina ya kwanza si ugonjwa hasa. Ni ufa mdogo katika pingili moja ya chini ya mgongo, bila mafuta na bila ugwe kuguswa. Mtu mmoja katika kila kumi, au hata zaidi, anao ufa huo. Hugunduliwa kwa bahati tu, mtu anapopigwa eksirei kwa jambo jingine. Ukiambiwa una ufa huo peke yake, nenda zako shambani kwa amani.

Aina ya pili ni mafuta katika uzi wa mwisho. Ugwe wa fahamu unapoishia, huendelea uzi mwembamba unaoshikwa chini kwenye mifupa ya mkiani. Uzi huo ukijaa mafuta huweza kuwa mnene na mgumu, ukavuta ugwe kwa chini. Watu wengine wana mafuta kidogo katika uzi huo na hayawadhuru maisha yao yote. Wale wanaodhuriwa, upasuaji wao ndio mwepesi kuliko wa aina nyingine, maana uzi hukatwa na ugwe ukawa huru.

Aina ya tatu ni mafuta yaliyoshika ugwe wenyewe. Mengine hukaa mgongoni mwa ugwe, mengine kwenye ncha yake ya chini, mengine huanza mgongoni yakateremka mpaka kwenye ncha. Yako pia yaliyochanganyika na mishipa bila mpango, na hayo ndiyo magumu kuliko yote. Mafuta haya kwa kawaida hutoka nje kwa kupitia ufa wa mifupa, yakaonekana kama donge chini ya ngozi. Pengine ugwe wenyewe na mfuko wake wa maji husukumwa nje pamoja nayo. Basi mfikirieni mtu anayechukua wembe na kukata donge hilo bila kujua lililo chini yake!

Aina ya nne ni mafuta yaliyofungwa ndani ya utando wa ugwe, bila donge lolote nje na mara nyingi bila ufa wa mifupa. Hii ni adimu. Yaweza kuwa juu zaidi, kifuani au shingoni, na hujulikana pale mtu anapoanza kulegea miguu au mikono.

Tena wako jamaa zao. Mmoja ni tundu jembamba kama la sindano katikati ya mgongo, linaloingia ndani mpaka karibu na ugwe. Vijidudu hupita humo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Tundu hilo lisichokonolewe kwa kijiti wala kutiwa dawa. Mwingine ni ugwe uliogawanyika sehemu mbili, pengine kwa kipande cha mfupa kilichosimama katikati yake.

KAMBA ILIYONASWA

Huenda utauliza, “Kama mtoto amezaliwa mzima, kwa nini aharibike baadaye?” Jibu ni hili. Mtoto akiwa mdogo sana tumboni, ugwe wake hufika mpaka chini mkiani. Baadaye mifupa hukua upesi kuliko ugwe, na ugwe huonekana kama unapanda juu. Mtoto anapozaliwa, au miezi michache baadaye, ncha ya ugwe huwa imefika kiunoni, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno.

Sasa fikirini ugwe ulioshikwa na mafuta kwa chini. Hauwezi kupanda. Ni kama mbuzi ambaye kamba yake imenaswa kwenye kisiki: kila akisogea, kamba humkaza. Mtoto anakua, anainama kuchota maji, anakimbia mpira, na kila mara ugwe unavutwa. Damu haipiti vizuri ndani yake, na mishipa huanza kuchoka na kufa. Hatari huzidi wakati mtoto anaporefuka kwa haraka, hasa anapoelekea kubalehe. Wako hata watu wazima walioanza kuumwa baada ya miaka 30 na zaidi.

ALAMA ZA KUTAZAMA

Mtoto mchanga mgeuze, umtazame mgongo mzima kwenye mwanga. Tazama kama pana donge laini chini ya ngozi. Kishungi cha nywele mahali pamoja. Baka jekundu la kuzaliwa katikati ya mgongo. Kijinyama kama mkia. Tundu au kishimo kirefu. Au kama mfereji wa matako umepinda upande. Alama mbili zikiwa pamoja, mashaka yanazidi.

Lakini msiogope bila sababu. Kishimo kidogo kilicho chini kabisa, ndani ya mfereji wa matako karibu na njia ya haja, ambacho mwisho wake waonekana, kwa kawaida si kitu. Kadhalika yale mabaka ya buluu au meusi ambayo watoto wetu wengi huzaliwa nayo matakoni si alama ya ugonjwa huu. Hayo hufifia yenyewe.

Kwa mtoto mkubwa, tazama haya: mguu mmoja ni mwembamba au mfupi kuliko mwingine, unyayo unapinda au vidole vinajikunja, kiatu au kandambili huisha upande mmoja, alikuwa akikimbia, sasa anajikwaa, mgongo unauma au unapinda, miguu ina vidonda asivyovisikia, choo ni kigumu siku zote.

Na hapa twataka kusema neno juu ya mkojo. Watoto wengi hukojoa kitandani hata wakiwa na miaka sita au saba, na wengi wao hawana ugonjwa. Lakini mtoto aliyekwisha kuwa mkavu akaanza tena kujikojolea, au anayechuruzika mkojo mchana kutwa bila kujua, au anayepata homa ya mkojo mara kwa mara, huyo atazamwe mgongo na miguu. Mtoto wa namna hii hupigwa nyumbani na kuchekwa shuleni. Huambiwa ni mvivu, huvikwa kaniki ya aibu mbele ya wenzake, mwisho hukataa shule. Wazazi, na ninyi walimu, fimbo haiponyi mshipa uliokufa. Mtoto huyo hajui mkojo unapotoka, maana habari haifiki kichwani. Tena mkojo unaobaki kibofuni siku zote huoza na kurudi juu, ukaharibu figo. Figo zikifa, maisha nayo yamo hatarini.

SI LAANA, WALA SI KOSA LA MAMA

Wako akina baba wanaposikia habari hii huuliza ni nani katika ukoo wa mke aliyevunja mwiko. Maswali hayo hayana msaada. Jambo hili lilitokea katika wiki za kwanza za mimba, gizani, wala hakuna aliyelitenda. Mama hakukosa, wala jirani hakuroga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mtoto aliyefichwa nyumbani kwa ajili ya aibu ya wazazi ndiye anayelipa deni lisilo lake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, donge au tundu la mgongoni lisikatwe, lisitobolewe, lisichanjwe wala kuchomwa, na mtu yeyote asiyekuwa daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu. Hata mhudumu wa zahanati akiwa na nia njema, mwombeni akuandikieni barua ya rufaa.

Pili, nendeni mapema. Mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu, pengine hata sita, mifupa yake ya mgongo bado ni laini, na kipimo cha altrasaundi, kile kile wanachopimwa mama wajawazito, chaweza kuonyesha ugwe ulivyokaa. Baadaye mifupa ikikomaa, hutakiwa kipimo cha MRI, ambacho kinapatikana katika hospitali kubwa na gharama yake ni nzito. Kwa hiyo kwenda mapema ni kuokoa mtoto, na pia ni kuokoa mfuko.

Tatu, jueni pa kwenda. Katika Tanzania wako madaktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Kenya watoto wengi wa mgongo wazi hutibiwa Kijabe, na Uganda katika hospitali ya CURE iliyoko Mbale. Anzeni zahanati ya karibu, mkapewe barua.

HABARI ZA UPASUAJI

Daktari anapopasua, kazi yake kubwa ni kuufungua ugwe ulionaswa. Kuondoa donge ili mgongo upendeze ni jambo la baadaye. Mara nyingi hawezi kutoa mafuta yote, maana yameshonana na mishipa. Kuyafuata yote kungeharibu zaidi. Basi msishangae mkiambiwa mafuta mengine yamebaki.

Yapasa pia mjue ukweli huu. Upasuaji huzuia uharibifu kuendelea. Maumivu ya mgongo na miguu mara nyingi hupungua, na nguvu zilizoanza kupotea hivi karibuni pengine hurudi. Lakini mshipa uliokufa siku nyingi haufufuki, na kibofu ndicho kigumu kurudi katika hali yake. Ndiyo sababu twasema msingoje mpaka mguu unyauke.

Je, mtoto asiye na dalili yoyote apasuliwe? Hapa madaktari wenyewe hawana neno moja. Kwa mafuta ya uzi wa mwisho, wengi hukubali upesi, kwa kuwa kazi ni ndogo. Kwa mafuta yaliyoshika ugwe, wengine hupasua mapema. Wengine huona ni heri kungoja na kumpima mtoto mara kwa mara, maana upasuaji wenyewe waweza kudhuru. Mzazi ana haki ya kuuliza: mtoto wangu ana aina gani? Tukingoja, kuna hatari gani? Tukipasua, kuna hatari gani? Na arudi lini? Mkiambiwa kungoja, kungoja maana yake ni kurudi kliniki kila tarehe iliyoandikwa, hata kama mtoto anacheza mpira vizuri. Hata aliyekwisha kupasuliwa arudi mpaka atakapokuwa mtu mzima, maana kovu laweza kuunasa ugwe mara ya pili.

MAISHA YA NYUMBANI

Mtoto ambaye kibofu chake hakijimwagi hufundishwa kutumia mpira mwembamba wa mkojo mara kadhaa kwa siku. Watu huogopa sana jambo hili. Lakini mwaka 1972 daktari Mmarekani Jack Lapides pamoja na wenzake walionyesha kwamba si lazima kazi hiyo ifanywe kwa vyombo vilivyotakaswa kama vya chumba cha upasuaji. Mikono iliyonawa na mpira safi vyatosha. Tangu hapo figo za watoto wengi zimeokolewa. Mama aweza kujifunza kwa siku chache, na mtoto mkubwa kidogo hujifanyia mwenyewe, akaenda shule akiwa mkavu kama wenzake.

Mguu usiosikia maumivu ulindwe. Asikae karibu na mafiga, asitembee peku, wala asitiwe katika maji ya moto ambayo hayakupimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Kila jioni mtazameni nyayo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na huyu hausikii hata mwiba wenyewe.

JE, UGONJWA HUU WAZUILIKA?

Kwa mgongo wazi wenye kidonda, tunayo silaha: vitamini iitwayo foliki asidi. Utafiti uliofanywa katika nchi saba na kutangazwa mwaka 1991 ulichunguza mama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Waliokunywa foliki asidi kabla ya mimba na mwanzoni mwake walipunguziwa hatari ya kupata mwingine kwa kiasi cha asilimia 72. Kwa uvimbe wa mafuta uliofunikwa na ngozi, msaada wake haujathibitika hivyo. Hata hivyo, mama na baba wanaotazamia mtoto hawapotezi kitu: mama ameze miligramu 0.4 kila siku kabla ya kupata mimba na katika miezi mitatu ya kwanza. Aliyekwisha kuzaa mtoto wa mgongo wazi amwone daktari, maana kipimo chake ni kikubwa zaidi.

Vidonge vya kliniki ya wajawazito ni vyema, lakini mama wengi huenda huko mimba ina miezi mitatu au minne, nayo kazi ya siku 28 imekwisha zamani. Unga wa viwanda vikubwa hutiwa foliki asidi, kwa kanuni zilizoanza mwaka 2011 katika Tanzania na sheria ya mwaka 2012 katika Kenya. Lakini mahindi tunayosaga wenyewe kwenye mashine za kijijini kwa kawaida hayana nyongeza hiyo. Basi kula maharagwe, kunde, mchicha na mboga nyingine za majani, na kuomba vidonge mapema, ni jambo la akili kwa mke wa kijijini.

Wazazi wapenzi, jioni hii mnapowaogesha watoto, geuzeni migongo yao, mtazame. Wengi mtaona ngozi safi, mshukuru. Lakini ukiona donge, nywele au tundu, usikate, usifiche, wala usiseme “tutaona mwakani.” Fungasha chakula cha safari, uchukue kadi ya kliniki ya mtoto, na kesho asubuhi uwe mlangoni pa zahanati.